Kizingiti cha Bibi Burulkan

Bibi Burulkan hakuwa malaika, msije mkanisingizia. Alikuwa mbishi, mchoyo wa sukari, na akikoroma mbwa wa jirani wanajibu. Lakini kile chumba chetu cha kutengeneza mazulia ya sufu ni yeye aliyekianzisha, na sharti lake lilikuwa moja: mwanamke akiingia anakimbia, haulizwi kitu mpaka amalize vikombe vitatu vya chai. Wengine walikuja na macho yamevimba. Wengine wapo mpaka leo, na wanapiga soga kuliko wanavyokanyaga sufu.

Alhamisi moja, tunamwagia sufu maji ya moto, akaingia Saikal, binti wa mwalimu, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Mkononi kashika kitambaa cheupe, kile anachofungwa kichwani msichana aliyenyakuliwa ili awe mke. Hatukuhitaji kuuliza. Walikuwa wamemdaka asubuhi akienda chuoni, wakampeleka kwao, naye akapenya dirisha la jikoni kabla hawajamfunga hicho kitambaa. Nikampigia simu baba yake, na askari pia. Kikombe cha pili hakijaisha, gari likasimama nje.

Wakashuka vijana wanne, Ulanbek, yule mnyakuaji, akiwa mbele. Mlango wetu ni mmoja, na komeo limevunjika tangu mwaka juzi, kila mtu anasema kesho ataleta fundi. Nikabeba birika la maji yanayochemka. Bibi akaniambia niliweke chini, nitaharibu zulia la watu. Kisha akajilaza chali kizingitini, akavuta skafu yake vizuri.

Sasa kwetu, kumruka bibi kizee aliyelala mlangoni ni kujitakia laana. Ndiyo maana wanaonyakua wasichana huwalaza bibi zao kizingitini, ili bibi harusi asithubutu kutoka. Dawa yao wenyewe, leo wananyweshwa.

Wakaanza kusukumana: tangulia wewe; nitangulie mimi, kwani mchumba ni wangu? Ulanbek akabembeleza kwamba wamekuja tu kumchukua mke wao.

"Niruke basi, mjukuu wangu," Bibi akamwambia. "Umeweza kumbeba binti wa watu anapiga mateke, utashindwa na kizee aliyelala?"

Mmoja akashauri wamwinue wamweke kando. Bibi akaanza kuwaita mababu saba wa kijana yule, jina kwa jina, waje waone. Alipofika wa nne, kijana alishaingia garini. Tulicheka mpaka Saikal naye akacheka, machozi yakimtoka.

Baba yake alifika na askari, Ulanbek bado anabembeleza mlangoni, na askari akaondoka naye. Mimi roho ilikuwa juu bado. Wazazi wengi husema aliyekwishaingia nyumba ya watu harudi kwao. Mwalimu alisimama pale nje, kofia mkononi, akasema, "Mwanangu, twende nyumbani." Basi nikapumua.

Nikamnyooshea Bibi mkono ainuke. Akaupiga kofi. Akasema hainuki mpaka Saikal amruke. Msichana wa watu akarudi nyuma.

"Siwezi, Bibi. Na laana je?"

Bibi hakumkaripia. Alisema taratibu, anatazama dari. "Mimi nilinyakuliwa nina miaka kumi na saba. Mama mkwe akalala mlangoni hivi hivi. Sikuruka. Nimekaa miaka arobaini na sita na mtu nisiyempenda, kwa kuogopa laana ya kizee. Leo kizee ni mimi, mwanangu. Ruka."

Miaka ishirini nakunywa naye chai, hilo sikulijua. Iliniuma sana.

Saikal akainua sketi kidogo, akaruka. Bibi Burulkan aliufuata kwa macho ule mguu usio na kiatu mpaka ukakanyaga nje.

"Mmeona?" akatuambia. "Hakufa mtu."