Kompyuta isiyoonyesha picha inavyoleta barua Mtama

Ni saa mbili kasoro robo asubuhi mjini Mtama, mkoani Lindi, na Restuta Chinguile anawaomba watu watano walioketi kwenye benchi wanyamaze kidogo. Ameshachomoa waya kwenye simu ya mezani na kuuchomeka nyuma ya kompyuta. Unasikika mlio mwembamba, kisha mkwaruzo kama wa redio iliyopoteza stesheni, kisha kimya.

“Tumeingia,” anasema, huku akitupia jicho saa ya ukutani. Kuanzia hapo kila dakika ina bei yake.

Kwenye kioo cha kompyuta hakuna rangi wala picha. Kuna maandishi meupe tu juu ya weusi, yamejipanga mistari kwa mistari kama ukurasa wa kitabu. Kipanya hana. Anashuka kwa kibonyezo chenye mshale, anasimama kwenye jina la mtu, anabonyeza, na barua inafunguka. Anainakili kwa kalamu kwenye karatasi ya mistari, kwa mwandiko wa kulala, wa haraka, bila kuinua kichwa. Akimaliza barua ya mwisho anachomoa waya.

Dakika tisa. Mwenye kompyuta mpya, ile ya kufungua kurasa zenye picha na matangazo, kwa laini hii ya simu angekuwa bado anasubiri ukurasa wa kwanza umalizike kushuka.

“Picha ndizo zinazokula dakika,” anasema Restuta, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. “Mtu wa kijijini Nyangamara hakuja hapa kutazama picha. Amekuja kujua mwanawe amesemaje.”

Restuta hakuanza na kompyuta. Alizaliwa Kitomanga, akasomea upigaji chapa, na kwa miaka kumi alikuwa karani katika shirika moja la umma mjini Lindi. Mwaka 1995, milango ya biashara ilipofunguliwa na mashirika kuanza kuuzwa, jina lake lilibandikwa ukutani pamoja na majina ya wenzake wengine hamsini na tatu. Katika kiinua mgongo chake ilikuwamo mashine ya chapa aliyokuwa akiitumia.

“Walituambia sasa soko ni huria,” anakumbuka. “Nikajiuliza, mimi nina nini cha kupeleka sokoni? Nina vidole vyangu tu.”

Akahamia Mtama, kwao mumewe Edwin, ambaye ni fundi mwashi, akawa anawaandikia watu maombi ya kazi na barua za madai. Kompyuta ilikuja mwaka 2000. Bruda Mikaeli, mtawa anayesimamia karakana ya misheni, alikuwa amepeleka kwake nyaraka za kuchapwa. Akamwona anapiga chapa bila kutazama vidole. Wiki iliyofuata akarudi na kompyuta ya kukunja, kuukuu, nyeusi, ambayo misheni ilikuwa karibu kuitupa. Alikuwa ameitia programu ya kufungulia kurasa za intaneti kwa maandishi matupu.

“Aliniambia, ‘Mama Restuta, hii ni mzee. Usiibebeshe mizigo, itakufikisha.’”

Umeme anaupata kwa betri ya gari, inayochajiwa na bamba la sola juu ya paa. Kusomewa barua ni shilingi mia tatu, kutuma ni mia tano. Mwezi mzuri, akishalipa bili ya simu, hubaki na shilingi kama elfu arobaini. Mwezi mbaya hubaki na shukrani za watu, kama anavyosema mwenyewe huku akicheka.

Lakini kazi yenyewe ina uzito usiopimwa kwa shilingi. Barua zote huingia kwenye anwani moja, ya kwake. Nani ameachwa, nani amefiwa, nani ameshindwa mtihani, yeye hujua kabla ya mwenyewe. Tawakali, mfanyabiashara wa ufuta anayejulikana hapa mjini, alimfuata wakati fulani akitaka kujua mnunuzi wa Dar es Salaam amemwandikia nini mshindani wake. Aliahidi kumlipa vizuri.

“Nilimwambia, kaka Tawakali, kalete barua yako nikuandikie. Ya mwenzio siijui,” anasimulia Restuta. “Aliondoka amenuna. Miezi mitatu hakunisalimia.”

Siku ambayo Mtama nzima inaikumbuka ni Jumanne moja ya Machi mwaka jana, 2003.

Mwalimu Klementi Nnunduma wa Nyangamara alifika akiwa ameshika ncha ya fimbo, mkewe Consolata ameshika ncha nyingine mbele yake. Mwalimu alifundisha Kiingereza shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, na kwa miaka miwili hakuona zaidi ya kivuli cha mkono wake mwenyewe.

Binti yao Helena, aliyeko Dar es Salaam, alikuwa amempatia nafasi kwenye orodha ya wagonjwa wa madaktari wa macho, waliokuwa wanakuja kwa siku tatu tu katika hospitali moja ya misheni huku kusini. Barua ya kwanza ilieleza wazi. Jumatatu wataandika tena, na mgonjwa ajibu kabla ya saa sita mchana Jumanne. Asiyejibu, nafasi yake anapewa mwingine. Wapasuaji wangerudi baada ya mwaka mmoja, kama wangerudi.

“Shikamoo Mwalimu. Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu,” akajibu Mwalimu. “Tazama kama tumeandikiwa.”

Restuta akaunganisha simu, akaandika jina, akaandika neno lake la siri. Badala ya orodha ya barua, kioo kilimletea mistari mitatu ya Kiingereza ambayo hakuwahi kuiona. Akadhani amekosea herufi. Akarudia. Akarudia tena.

“Mara ya tatu nilibonyeza herufi moja moja,” anasema. “Miaka mitatu nimeingia humo kila siku. Leo mlango uko pale pale, ufunguo ni ule ule, haufungui.”

Jibu alilijua baadaye kwa Bruda Mikaeli. Usiku ule kampuni inayotunza barua zile ilikuwa imebadilisha kurasa zake. Kurasa mpya zilitaka kila kompyuta iendeshe programu ndogo ndogo zilizofichwa ndani ya kurasa hizo, zinazoitwa JavaScript. Programu ya Restuta husoma maneno basi. Hizo haiziendeshi, haijui hata kwamba zipo.

Walijaribu simu. Namba iliyokuwa kwenye barua ya kwanza iliita mpaka ikakatika, mara nne. Barabara ya Lindi, ambako kulikuwa na duka la intaneti, ilikuwa imekatwa na maji kwa siku mbili. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika hamsini. Mawingu yalikuwa yametanda tangu Jumapili, na taa ndogo ya betri ilishaanza kuwa nyekundu.

Consolata akaanza kukunja kanga yake kwa ajili ya safari ya kurudi. “Tumejitahidi, baba,” akamwambia mumewe. “Twende nyumbani.”

Mwalimu hakuinuka. “Restuta, hapo kwenye kioo pameandikwa nini?”

“Kiingereza kigumu, Mwalimu. Wanakataa.”

“Wanakataaje? Nisomee kama kilivyo.”

Akamsomea. Mwalimu akasikiliza ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza mwanafunzi akisoma.

“Wanasema kompyuta yako haina kitu wanachokitaka. Hawajakukataa wewe. Chini yake kuna nini?”

“Takataka tu, Mwalimu. Matangazo, haki za kampuni, vitu vidogo vidogo. Huwa siviangalii.”

“Soma.”

“Betri inakwisha, Mwalimu.”

“Basi soma upesi. Usiache hata mstari mmoja.”

Restuta akashuka na mshale, akisoma kila kiungo cha kubonyeza kwa sauti. Kuhusu sisi. Masharti. Nafasi za kazi. Tangaza nasi. Watu kwenye benchi walikuwa wote wamegeukia upande wake. Akafika mstari wa kumi na saba, akausoma kwa kujikwaa, na alikuwa ameshaupita aliposikia fimbo ikigonga sakafu.

“Simama hapo! Rudia huo.”

Akaurudia. Mwalimu Klementi akaanza kucheka, kicheko cha chini, mabega yakitikisika.

“Unajua wamesema nini? Wamesema, kwa wanaotumia mashine za kuwasomea wasioona, piteni hapa.” Akajigusa kifuani. “Mgonjwa ni mimi, mashine ya kunisomea ni wewe. Bonyeza.”

Akabonyeza. Ukurasa ulioshuka ulikuwa mtupu kabisa, hauna kitu ila sehemu ya jina na sehemu ya neno la siri. Akaandika. Orodha ya barua ikajitandaza kama kawaida, na ya juu kabisa ilikuwa ya madaktari.

Walitaka mambo matatu: umri wa mgonjwa, kama ana kisukari, na kama anaweza kufika Alhamisi saa mbili asubuhi. Restuta aliandika jibu kwa mistari minne, vidole vikikimbia kuliko anavyokumbuka kuwahi kuvikimbiza. Akabonyeza kutuma. Neno la kuthibitisha likaanza kujitokeza, na kioo kikazima.

Je, imekwenda au haijakwenda? Hapakuwa na wa kumuuliza.

Restuta aliacha duka wazi akatoka mbio. Gari pekee lililokuwa karibu ni pikapu ya Tawakali, imeegeshwa mbele ya ghala lake la ufuta. Anasema alipofika pale hakuwa na maneno ya kupamba.

“Nilimwambia, nahitaji betri yako kwa nusu saa, Mwalimu Klementi anakosa macho. Akanitazama. Nikajua sasa atanikumbusha.”

Tawakali, tulipomuuliza, anakiri kwamba alikumbuka. “Nilikumbuka alivyonikatalia. Lakini nikawaza, siku ile na mimi nilikuwa na barua zangu kwake. Kama asingenikatalia, na zangu angezisoma kwa watu.” Alifungua boneti mwenyewe, akaibeba betri begani mpaka dukani, shati jeupe likachafuka.

Saa sita kasoro dakika kumi kompyuta ikawaka. Restuta akapita tena mlango wa wasioona. Barua ilikuwa imekwenda. Akaituma mara ya pili hata hivyo, kwa hofu. Saa nane mchana likaja jibu fupi, na siku hiyo hakuwa na nguvu za kulinakili; alilisoma tu kwa sauti, “Mmepokelewa, njooni.” Consolata akakaa chini sakafuni akalia.

Ijumaa Mwalimu alifunguliwa bandeji jicho la kulia. Consolata ndiye anayependa kusimulia. “Alinitazama weee, halafu akasema, ‘Consolata, umezeeka.’ Nikamwambia, ‘Subiri wakuletee kioo.’”

Leo Mwalimu Klementi huja Mtama peke yake, kwa baiskeli, na akifika kwa Restuta husoma barua ya Helena mwenyewe, uso ukiwa karibu na kioo. Jicho la kushoto bado linasubiri. Tulipomuuliza anamwonaje Restuta, alifikiri kidogo. “Wengi wanaojua kitu wanapenda uwaone wanajua,” alisema. “Yule alisoma pamoja nami, kipofu, mstari kwa mstari. Ni mimi niliyelazimisha, kweli, lakini alikubali kulazimishwa mbele ya watu.”

Restuta mwenyewe hapendi kusifiwa kwa siku ile. Anachokumbuka zaidi ni woga. Anajua kampuni inaweza kuondoa ukurasa ule mtupu asubuhi yoyote bila kumwambia mtu. Kwa hiyo yeye na Mwalimu walikaa siku mbili wakaandika barua kwa Kiingereza kwenda kwa wenye kampuni, kuwaeleza kwamba huku Lindi kuna watu mia mbili na zaidi wanaopita mlango huo, na wengi wao wanaona vizuri. Walijibiwa na mashine, kwamba maoni yao ni muhimu. Wameandika tena mara tatu.

“Nitaandika mpaka nijibiwe na mtu,” anasema.

Mwezi wa saba anakusudia kuanzisha darasa. Bruda Mikaeli amemwahidi kompyuta nyingine mbili kuukuu, na wanafunzi kumi na mmoja wameshajiandikisha, wengi wao wanawake wa makamo. Kwa kuwa kompyuta hazijafika, amewachorea kibodi kwenye vipande vya maboksi, herufi kwa herufi, wakajizoeze nyumbani. Kila atakayehitimu atakuwa na anwani yake na neno lake la siri, ambalo Restuta hatalijua. Tunamuuliza kama haoni kwamba anawafundisha wateja wake kumkimbia.

“Watakimbia baadhi,” anasema. “Wengine watakuja kuandika wenyewe, watalipia dakika. Lakini mimi nimechoka kujua misiba ya watu kabla yao.”

Mmoja hakutaka kungoja mwezi wa saba. Hamida, muuza vitumbua mwenye miaka hamsini na miwili, amejizoeza kwenye boksi lake kwa wiki sita. Anaingia wakati tunaaga, mikono bado ina unga, na kusema leo anataka kujaribu peke yake. Mwanawe yuko Muskati na ameahidi kuandika kwenye anwani mpya ya mama yake. Restuta anaunganisha simu, anamvutia kiti, anamwonyesha mahali pa kuanzia. Kisha anatoka nje pamoja nasi na kuurudisha mlango nyuma yake.

Tunasimama juani. Ndani kunasikika kibonyezo kimoja, kimya kirefu, kibonyezo kingine. Dakika zinakwenda, na Restuta, ambaye kila dakika huihesabu, haitazami saa.