Singo Niliyoijaribu Mkononi Mwangu

Andika, mjukuu wangu, wala usinipunguzie kosa. Nimesinga maharusi wa Jomvu Kuu miaka mingi, nikiwapaka mwilini singo ya manukato kabla ya harusi, na kila manukato mapya niliyapaka kwanza mkononi mwangu kwa siku tatu. Mwaka jana nilinunua mafuta ya dukani yenye harufu ya asumini. Mkono wangu haukuwasha, nami nikayachanganya na liwa, ule unga wa msandali, nikamsinga binti wa jirani.

Kesho yake uso ulimvimba, shingo ikatoka malengelenge. Harusi ikaahirishwa. Upande wa bwana harusi wakanong'ona kwamba binti ana maradhi ya kuficha.

Ngozi ilipotulia, hospitalini walimbandika mgongoni plasta zenye matone ya manukato mbalimbali, na yale mafuta yangu yakiwemo. Baada ya siku mbili, pale penye mafuta yangu palikuwa pamevimba, pekundu.

"Mimi niliyajaribu!" nikamwambia daktari.

"Kwa nani, bibi?"

"Kwangu."

"Basi ulipata jibu la ngozi yako. Ya binti hukuiuliza."

Nilikwenda Mikindani kwa wazazi wa bwana harusi, nikawaeleza kwamba binti hana maradhi, kosa ni langu. Walinikaribisha kahawa. Niliaga bila kupewa tarehe mpya ya harusi.