Hatua ya Minza

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Nkoma, Mwalimu Mkuu alinitazama toka miguuni hadi kichwani, kisha akanigawia somo. "Hesabu ina mwenyewe, Kiswahili kina mwenyewe. Wewe ni mwembamba, chukua Haiba na Michezo. Ngoma hazitakushinda." Ofisi nzima ilicheka. Somo lile lilikuwa kama mtoto wa kufikia: kila mtu analiona, hakuna anayelilisha. Nilinuna wiki nzima.

Tulifundisha bugobogobo, ngoma ya majembe ya sisi Wasukuma, iliyotokana na kulima kwa pamoja. Kila shule ilikuwa nayo na zote zilifanana kama mapacha. Nikachoka. Nikawaambia wanafunzi, "Kesho kila mmoja aje na hatua ya kwao." Hatua ya kwao tuliita mwendo wa kazi ya nyumbani: mama anavyopepeta, babu anavyomzuia ndama wakati wa kukamua. Mtoto anaionyesha, wenzake wanaijifunza, mwalimu anazishona ziwe ngoma moja. Huko ndiko kubuni ngoma. Mengine yote ni paredi.

Wakaja na kuchuma pamba, wakaja na kuswaga ng'ombe. Minza, aliyehamia kwa shangazi yake kutoka Lamadi, kule kando ya ziwa, aliinama, akatandaza kitu chini kwa viganja, kisha ghafla akainuka na kurusha mkono juu.

"Unafanya nini, Minza?"

"Naanika dagaa, mwalimu. Hapo nafukuza kunguru."

Wakaangua kicheko. Mmoja akaziba pua. Kesho yake Minza hakuja mazoezini, wala keshokutwa.

Nikamfuata nyumbani. "Mwadila, mayu," nilimsalimu shangazi, naye akanionyesha nyuma ya nyumba. Minza alikuwa anaosha sufuria na hakuniangalia.

"Mimi sina ngoma, mwalimu. Wao ndio wana kwao."

Maneno yale yalinichoma, na bado yananichoma. Nilimwambia tu kwamba bila yeye hatuchezi. Aliporudi, nikaiweka hatua yake katikati kabisa ya ngoma: majembe begani, wote wainame, watandaze, kisha mkono juu kwa pamoja. Aliyeziba pua nilimpanga mbele, aikosee mbele za watu mpaka aiweze.

Kabla ya mashindano akaja Afisa Utamaduni. "Mwalimu, kunguru wametoka wapi kwenye bugobogobo? Toa hicho kitu, mtashindwa."

"Nikikitoa nimemtoa mtoto, mzee."

"Shauri yako."

Tulishika mkia. Lakini kwenye lori la kurudi watoto walirusha mikono kila kijiji tulichopita, na Minza alicheka kuliko wote. Muhula ulipoisha mama yake alikuja kumchukua, mimi nikiwa nimeenda Lalago kwenye msiba. Hatukuagana. Tangu hapo basi likisimama Lamadi huwa nachungulia wanakoanika dagaa, nikitafuta mwanamke anayerusha mkono namna ile.

Sasa nimestaafu, naishi Bariadi, na magoti yangu yanajua mvua kabla ya redio. Juzi nilialikwa mahafali Nkoma. Walianza na miziki ya kwenye simu, kila mtoto akimwiga mtu asiyemjua, nikajutia nauli yangu. Kisha yakaja majembe. Katikati ya ngoma wakainama, wakatandaza, mikono ikaruka juu. Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa.

Walipomaliza nikamwita msichana wa mbele. "Mkono ule mnafukuza nini?"

"Hatujui, bibi. Tumeikuta. Ndiyo ngoma ya kwetu."

"Mnafukuza kunguru kwenye dagaa. Hatua hiyo ni ya Minza. Alisoma hapa."

Akakimbia kwa wenzake, wakanong'onezana, wakamwomba mwalimu wao warudie. Safari hii, mikono ilipopanda, wote walipaza sauti: "Minza!"

Najua Lamadi ni mbali. Hata hivyo niligeuka nikaangalia barabarani.