Mzigo wa Mabua Nyuma ya Banda

Nilisoma kwenye simu kwamba wadudu wengi hupima urefu wa mchana. Ukipungua au ukiongezeka, miili yao hujua msimu unageuka, nao hulala au huamka. Nilitaka kuhakikisha mwenyewe.

Kiwavi anayetoboa mahindi hulala ndani ya bua kavu kiangazi kizima, kisha hugeuka nondo na kutaga kwenye mahindi machanga. Ndiyo maana mama hutaka mabua yote yaliwe na ng'ombe kabla ya mvua. Mwaka jana alinituma niyamalize kwenye shamba letu la Sigino. Niliyamaliza, isipokuwa mzigo mmoja niliouficha nyuma ya banda, nione viwavi wake wataamka lini.

Kila jioni niliandika dakika jua linapozama. Mjane tunayepakana naye alinicheka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana jua. Leo limezama vizuri, au utalirudisha?"

Mvua ilinyesha nikiwa nanakili daftari lote upya, kwa sababu nilikosea mstari mmoja. Nilipokumbuka mabua, yalikuwa na matundu na maganda matupu ya viwavi; nondo walikwisha kuruka. Huku kwetu mchana haubadiliki sana. Nadhani kilichowaamsha ni maji.

Baadaye mahindi yetu yakaanza kukauka viini, yale majani machanga ya katikati yanayoliwa na viwavi. Mama alimvaa yule mjane mpakani, watu wakisikia.

"Umeacha mabua yako hadi mvua! Uchafu gani huu?"

"Mabua gani? Njoo utafute mpaka uvunguni mwa kitanda changu!"

Miaka yote wamepalilia kwa zamu, shamba la mmoja kisha la mwenzake. Msimu huo mama hakwenda. Nami kwa siku tisa niliandika sentensi ya kukiri, nikaifuta, nikaiandika tena. Sikuwa natafuta maneno mazuri. Nilikuwa naogopa.

Siku ya kumi nilimwona mjane akipalilia peke yake, ameshika kiuno. Nikamwambia mama palepale, bila mpangilio.

Alitazama kule mpakani. "Nimemwita mchafu, mtu mzima yule." Akanipa jembe. "Tangulia. Umwambie mwenyewe."

Nilimwambia mjane, nikigugumiza. Hakucheka.

Mama akafika, akasema, "Shikamoo."

Hakuitikiwa. Mjane alituonyesha kwa kidole mistari ambayo haijapaliliwa, akaendelea kulima. Tuliinama, mama mstari mmoja, mimi wa pili, na mahindi ya mjane nayo yalikuwa yameanza kukauka viini.