Gauni la Mama Yake

Binti yangu ni fundi cherehani. Kazi alifundishwa na marehemu mama yake. Mashine iko chumba cha mbele, dirishani. Hagombani na mteja. Ukimbishia, anapiga bandi: anashikiza kwa mkono, nyuzi ndefu nyeupe, mkasi haujagusa kitu. Kisha anasema, "Ivae kwanza."

Juzi alikuja mwalimu mmoja mwenye kitambi.

"Kiuno changu nakijua mwenyewe," alisema.

"Sawa, kaka. Ngoja tukiulize kitambaa."

Alipoivaa suruali iliyopigwa bandi, macho yakamtoka. "Ongeza kidogo, fundi."

"Kidogo chako au changu?"

Wakacheka wote wawili.

Mimi nilikuwa mgumu kuliko mwalimu. Mke wangu aliacha gauni lake la maua, lenye mfuko mkubwa ubavuni, limetundikwa nyuma ya mlango wangu. Binti akaniomba alikate, amshonee mwanawe, mjukuu wangu.

"Hapana."

"Baba, litaliwa na nondo."

"Waache wale."

Kesho yake akaomba alipige bandi tu. Nikakubali shingo upande. Akalikunja, akalishikiza, akamvalisha mtoto. Mtoto akazunguka. "Babu, niangalie!" Nikamwangalia. Nikasema hapana tena.

Nilijua atanuna. Wala. Alimvua mtoto, akaketi, akaanza kufumua, uzi mmoja mmoja, kitambaa kisichanike. Hakuguna. Alipofika begani akaliinua gauni puani, akanusa, akaendelea kufumua.

Kumbe na yeye amefiwa. Mimi nilikuwa nalia peke yangu chumbani, mlango nimefunga, na gauni ndani.

"Acha hapo, mama," nikamwambia.

"Niache nini, baba?"

"Kufumua. Likate. Ila huo mfuko ubaki."

"Mfuko huu? Mtoto utamfika magotini!"

"Si atainama."

Akacheka, akajifuta macho kwa kiganja. Akaugeuza mfuko, akautazama. "Mimi nilitaka kuutoa kabisa. Haya, umeshinda. Nitaupandisha juu."

Akarudishia nyuzi alizofumua, akapima, akachora kwa chaki. Kitambaa kilikuwa kinateleza mezani, nikashika ncha moja nikaivuta inyooke. Akachukua mkasi.

"Tayari, baba?"

"Bado."

Akasubiri. Mkasi umefunguka mkononi mwake, hausogei, wala hakuniharakisha. Mpaka niliposema, "Haya."