Mafundo ya Rosemery

Eufrasia aliiona kamba alipokuwa akimwogesha mwanawe, Rosemery: uzi wa kiroba mkononi, una mafundo manne. Akaacha kummwagia maji. Miaka ya nyuma bibi wa mtoto alimpeleka kwa mganga ati afunguliwe ulimi. Akarudi na hirizi shingoni na chale zinazotunga usaha. Tangu hapo Eufrasia, muuza mchele wa soko la Lumemo, hakuamini mkono wa mtu kwa mwanawe, hata ukiwa umeshika rozari.

"Nani kakufunga?"

"Mama Balbina."

Balbina! Yule mama wa kanisani anayekaa na watoto wa kitengo, wale wazito wa kuelewa, wakishatoka shule mpaka wazazi wao watoke sokoni.

"Kumbe ndiyo maana ana huruma nyingi," Eufrasia alinong'ona. Akaikata kamba kwa wembe, akaitupa motoni, akasali Salamu Maria.

Kesho yake alifunga meza mapema, akaenda kumfumania Balbina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu uji."

"Nimeshiba." Tumbo likanguruma, likamuumbua.

Akatazama. Kila mtoto alikuwa na kamba. Akinawa, anafungua fundo. Akinywa uji, la pili. Kazi ya shule, la tatu. Evod alifungua la mwisho, akafungiwa mapya ya kesho, akachukua mkoba, akaaga.

Rosemery alikaa tu na uji wake umepoa, anapapasa mkono mtupu.

"Kamba yake iko wapi?" Balbina aliuliza.

"Nimeichoma. Nayajua mambo yenu."

"Yetu mimi na nani? Na Bikira Maria?" Balbina alicheka, kisha akaacha. "Ndiyo inayomwambia kimebaki nini, mwanangu. Bila hiyo, kwake siku haiishi."

"Rose, inuka twende."

"Bado!" Mtoto akang'ang'ania benchi, akapiga yowe.

Balbina akatoa uzi mwingine. Eufrasia akausukuma.

"Huo hapana."

Akachana pindo la kitenge chake, akaketi chini. "Manne?"

"Manne. Usikaze, vidole vyake havina nguvu."

Akafunga mwenyewe, akimtazama Balbina kwa pembe ya jicho. Rosemery akaacha kulia. Akaenda kunawa, akafungua la kwanza, akarudi kwenye kikombe.

"Ngoja," alisema mama yake. Akaonja uji yeye kwanza, kidogo, kwa ncha ya ulimi. Akasubiri. Ndipo akamsogezea.