Kichuguu Kilichobomolewa kwa Amri

Nyumba ya mdogo wangu wa kike haikuangushwa na mvua. Iliangushwa na ofisi iliyompa ruhusa ya kuijenga: mkaguzi aliyefika kiwanjani wakati wa kiangazi akaamuru kichuguu kibomolewe, na mkuu wake aliyetia sahihi bila kuukanyaga udongo ule. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji asidhani, kama walivyodhani wengi pale mtaani kwake Kasungami, kwamba namlaumu Mungu au majirani. Nilitumikia utawala wa ujenzi katika mji huu wa Lubumbashi hadi nilipostaafu. Najua kazi ya kila mmoja wao ilikuwa nini.

Mdogo wangu ni mjane. Alinunua kiwanja ukingoni mwa dembo, yaani lile bonde la majimaji ambamo akina mama hulima mboga wakati wa kiangazi, na ambalo mvua zikikolea hujaa kimyakimya kutoka chini. Haikuwa siri. Nilipokwenda mara ya kwanza niliiona miti yenye mkanda wa tope kavu kwenye mashina, juu kidogo ya goti langu. Na katikati ya kiwanja kilisimama kichuguu cha mchwa, kimoja cha vile vya kwetu Katanga, kirefu kuliko mtu na kipana kiasi cha kubeba nyumba mgongoni.

Nikamwambia kwamba hapo juu ndipo pa kujenga. Kikatwe kichwa tu, kisawazishwe, kizungushiwe ukuta wa mawe, na nyumba ikae juu yake. Nilimkumbusha nyumba ya baba yetu katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Msingi wake ulikuwa wa mawe, na mlangoni palikuwa na ngazi ambazo mama alitukataza kuzikalia, kwa kuwa kila aliyeingia alitukanyaga vidole. Hatukujua wakati ule kwamba ngazi zile ndizo kanuni yenyewe: sakafu lazima iwe juu ya alama ya juu kabisa ambayo maji yamewahi kuiacha. Hakuna ugumu hapo. Mtoto anaweza kuielewa kanuni hiyo akiwa ameikalia.

Kisha mkaguzi akaja. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye heshima, na sitamnyima sifa hiyo. Alibeba mchoro wa nyumba ya mfano, uliotengenezwa kwa ajili ya viwanja tambarare vya mjini, penye mifereji. Akakitazama kichuguu kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyelala barabarani. Nilimweleza habari ya dembo, nikamwonyesha mkanda wa tope kwenye miti. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Papa, ile ilikuwaka ya wakati yenu. Leo parseli inapashwa kuwa plat. Kama kichuguu iko, autorisation haiko."

Yaani kiwanja kiwe tambarare; kichuguu kikibaki, ruhusa haitoki. Halafu akamgeukia mdogo wangu, akampoza. Alimwambia asisikitike, kwani udongo wote ule ungempatia matofali ya nyumba nzima. Hapo ndipo aliponishinda. Hakuna mtu wa huku asiyejua kwamba udongo wa kichuguu hutoa tofali zuri kuliko udongo mwingine wowote. Watu wetu wakiona kiwanja chenye kichuguu, huanza kuziona kuta kabla hata ya kuuliza mipaka. Penye mwinuko, desturi hiyo ni akili. Kwenye dembo, ni kuuchimba mlima pekee ulio nao, kuusimamisha kama kuta, na kwenda kulala katika shimo ulilouacha. Mkaguzi alipaswa kulijua hilo. Aliajiriwa ili alijue.

Mdogo wangu alitii. Amekuwa mtu wa kutii tangu utoto, na katika ukoo wetu karatasi yenye muhuri haibishaniwi. Kichuguu kikaisha. Matofali yakafyatuliwa, mengi yakaachwa mabichi, kwa sababu mchoro ulioidhinishwa haukudai yachomwe, wala haukudai jiwe hata moja chini yake. Nilirudi kusema. Nikaambiwa na mdogo wangu mwenyewe, kwa upole, kwamba nimezoea kutoa amri na sasa nimekosa wa kumwamuru. Nikarudi kwangu Makomeno nikiwa na hasira ambayo haijapoa hadi leo.

Kiwanja cha jirani kilikuwa cha mama mmoja wa asili ya Kasai, muuza unga sokoni. Naye alikuwa na kichuguu, naye akapewa amri ileile. Akakataa. Alijenga nyumba yake juu ya kichuguu, kwa matofali ya kuchoma na ukingo wa mawe pande zote, na kwa sababu hiyo akanyimwa ruhusa. Ofisi ikatuma mtu mwenye kopo la rangi, akachora msalaba mwekundu ukutani, alama ambayo kila mkazi wa mji huu anaifahamu: nyumba hii itabomolewa. Wapita njia wakampa jina la mama wa muchwa. Walimuuliza kama mbinguni kuko baridi, na kama uyoga umeshaanza kumwotea kitandani. Yeye alikuwa akifagia kizingiti chake, akijibu bila kuinua kichwa:

"Mucheke tu. Muchwa hajengake fasi ya maji." Yaani mchwa hajengi kamwe mahali pa maji.

Katika familia yetu, watu wa kaskazini mwa Katanga, palikuwa na maneno ya zamani kuhusu watu wa Kasai. Sitayarudia. Ninataja tu kwamba yalikuwapo, na kwamba mdogo wangu, aliyekuwa akipita mbele ya mlango ule bila salamu ya maana, alikuja kupanda ngazi zake akiwa amebeba godoro kichwani.

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Mvua ilikuwa imeshapungua, na watu walikuwa wakisema kwamba mwaka huu tumenusurika. Lakini maji ya dembo hayaji na wingu. Yalipanda katikati ya sakafu, kwenye ufa mdogo chini ya meza, mdogo wangu akadhani amemwaga ndoo. Alipomaliza kupangusa, yalikuwa yameshafika kwenye kuta. Tofali bichi likilowa halianguki kwa kishindo. Hulainika, likaketi, likajikunja kama mtu aliyechoka. Nilipofika, chumba alimokuwa akilala kilikuwa kimerudi kuwa udongo wa kichuguu, na mabati yamelala juu yake. Kitanda cha ndoa yake hakikuonekana. Nyumba nyingine za safu ile, zilizojengwa kwa mchoro uleule, zilikuwa zimeanguka vivyo hivyo. Mkanda wa tope ulikuwa kwenye miti ileile, pale pale nilipomwonyesha mkaguzi.

Mama muuza unga alikuwa amesimama juu, mlangoni pake, miguu mikavu. Mdogo wangu aliona haya kupanda. Akamwonyesha ule msalaba mwekundu, kama kumwambia kwamba hata hapo si pa kukaa. Yule mama akamjibu, akimwita kwa heshima kama dada mkubwa:

"Kuya, yaya. Ile rangi haikataze muntu kulala."

Mdogo wangu anaishi hapo hadi ninapoandika. Chumba kimoja, mlango wa pamoja, chungu kimoja.

Kama mambo yangeishia hapo, ningeandika kwa huzuni. Lakini maji yalipokauka, ofisi ilirudi. Wakachora msalaba kwenye ukuta wa mdogo wangu uliobaki, wakamwambia amejenga ovyo mahali pa maji. Kisha wakapanda ngazi za jirani na kuupaka upya msalaba wake uliokuwa umefifia, wakatangaza kwamba wabomoaji watakuja kabla ya mvua zijazo. Mdogo wangu hakuwalilia wao. Alinigeukia mimi, kaka yake mkubwa.

"Yaya, ni nani alinifundisha kujenga vile? Njo bao. Sasa banataka kuvunja na fasi yenye ninalala."

Kweli, ndio wao. Nilivaa koti langu la ofisini, nikaenda kwao. Mkaguzi alinipokea kwa adabu ileile, akanipa kiti. Nikamuuliza maji yalifika kimo gani. Hakujua. Nikamuuliza ni nani kati yao aliyefika kwenye dembo wakati wa mvua, mwaka wowote. Alitabasamu kidogo, akapekua faili la mdogo wangu, akaona kila sahihi iko mahali pake.

"Papa, dosye iko sawa. Njo maji haikufwata plan."

Nimefanya kazi na watu wavivu, na nimefanya kazi na wala rushwa. Sikuwahi kukaa mbele ya mtu aliyeyalaumu maji kwa kutosoma mchoro. Niliondoka bila kumpa mkono, jambo ambalo sikulifanya katika utumishi wangu wote.

Basi, kwa kuwa nyumba pekee iliyosimama katika safu ile ndiyo iliyohukumiwa, na zile zilizoanguka ndizo zilizoidhinishwa, nadai yafuatayo hadharani. Nadai msalaba mwekundu ufutwe kwenye ukuta wa yule mama, kwa mkono wa ofisi iliyouchora, kabla mbomoaji yeyote hajakanyaga ngazi zake. Nadai amri ya kusawazisha vichuguu ukingoni mwa dembo ifutwe, na kimo cha sakafu kipimwe kutoka mkanda wa tope, si kutoka mchoro wa mahali pengine. Nadai mkaguzi aliyeamuru na mkuu aliyeidhinisha waitwe Kasungami, mvua zikiwa zinanyesha, wasimame pale palipokuwa kitanda cha mdogo wangu, wamweleze yeye, si mimi, kwa nini walimwamuru ashuke. Na nadai wajibu wakiwa bado katika nyadhifa zao. Mstaafu haulizwi tena. Hilo nalijua kuliko wao.